Shajara ya kaktasi za nguzo uani Kisauni: toka mbegu mpaka kujua ipi ni ipi

Oktoba, vuli yaja

Haya naanza kuandika manake kila anayepita uani anauliza hizi kaktasi zimefika wapi na kwa mdomo siwezi kueleza nikamaliza. Mradi wenyewe ni kuotesha kaktasi za nguzo, zile ndefu za jangwani za kusimama wima, toka mbegu, hapa hapa Kisauni, Mombasa, halafu kuzitambua moja moja zikiwa bado changa kabla hazijapata umbo la kila mtu kulijua.

Mbegu nimenunua kwa muuzaji wa Nairobi mwenye vibali vyake. Hilo nalisema mapema: kaktasi karibu zote ziko kwenye orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini) na kuingiza mbegu nchini lazima upitie KEPHIS (shirika la serikali la afya ya mimea), sasa usikubali za magendo kwenye bahasha. Kule Arizona, Marekani, wizi wa kaktasi pori umefika mahali mbuga ya Saguaro imebidi kutia chipu ndani ya mimea yenyewe. Tununue za kuoteshwa, za pori tuziache kwao.

Pakiti ni mchanganyiko. Nyuma imeandikwa majina saba: sagwaro (Carnegiea gigantea), kardoni (Pachycereus pringlei), Stenocereus thurberi, Neobuxbaumia polylopha, Cephalocereus senilis ile ya mvi, Trichocereus terscheckii ya Ajentina, na Cereus moja ya kawaida. Ndani zimemwagwa pamoja, mbegu ipi ni ya nani hakuna alama. Na mimi ndio nilitaka hivyo, kwa sababu ukinunua yenye jina unaamini jina, ukinunua isiyo na jina unalazimika kuutazama mmea.

Wengi wananiambia mbona wapanda kitu hutakiona kikikua. Ni kweli sagwaro ni pole mno, kule kwao jangwa la Sonora miaka minane ya kwanza inaweza kufika sentimita 3 au 4 tu, ua la kwanza karibu miaka 35, mkono wa kwanza miaka 50 mpaka 75 na pakavu sana hata 100. Lakini mibuyu ya Mama Ngina twakaa kivulini mwake na hakuna aliye hai aliyeiona ikiwa miche. Mimi hilo halinisumbui hata kidogo.

Kupanda: nimechekecha mchanga wa mto (ule mkubwa wa fundi, si wa pwani, wa pwani una chumvi), nikatia pumisi (yale mawe mepesi ya volkano) iliyotoka kule Longonot na vumbi la makumbi kidogo tu, nikaupika mchanganyiko kwenye sufuria kuukuu mpaka ukatoa mvuke kuua kuvu na mayai ya wadudu. Ukipoa unajaza vibakuli vya plastiki vyenye kifuniko, vile vya chakula cha kubeba. Mbegu unazinyunyiza juu juu, usizifukie, zataka mwanga. Maji ya kuchemsha yaliyopoa, funika, weka mahali penye mwanga lakini jua lisipige moja kwa moja. Watu wa nchi za baridi wananunua mpaka mikeka ya umeme ya kupasha joto, sisi nyuzi 28 tunapewa bure na Mungu.

Kabla ya kuzinyunyiza nilizimwaga kwenye karatasi nyeupe nikazitazama na lenzi. Kulikuwa na kubwa kidogo na ndogo ndogo nyeusi za kung'aa. Hizo kubwa nimeziweka kibakuli chake peke yake kwa sababu mbegu za kardoni ni kubwa kuliko za sagwaro. Hapo utambuzi ushaanza, kabla hata hakijaota kitu.

Novemba

Zimeota! Za kwanza zilitoka wiki ile ile na nyengine zimefuata kidogo kidogo. Kaktasi changa haina sura ya kaktasi, ni kitone kijani chenye masikio mawili mafupi, halafu katikati pale ndio panachomoza vimiiba laini vya kwanza.

Kuna zilizotoka kwa fujo, ndefu, masikio makubwa, rangi ya kijani iliyoingia ubuluu. Hizo sina shaka ni Cereus. Cereus haina subira, ndio maana kaktasi za nguzo unazoziona kwenye mageti ya watu Nyali nyingi ni hizo.

Vifuniko bado sifungui. Hewa ya Mombasa wakati huu imejaa unyevu na vijidudu vya kuruka vidogo vidogo vinatafuta udongo mbichi wa kutagia, vikiingia funza wao wanakula mizizi. Ukoga wa kijani umeanza kwenye kibakuli kimoja, nimekisogeza mbali na dirisha na nimeacha kukitilia maji.

Januari, kaskazi imekaza

Jua kali, upepo mkavu kidogo, sasa vifuniko nafungua mchana nafunga usiku ili miche ijizoeze. Nimeihamishia uani chini ya mwarobaini. Watu wanadhani kaktasi ya jangwa lazima ipigwe na jua toka siku ya kwanza, si hivyo. Sagwaro kwao huota chini ya mti mlezi, mara nyingi paloverde au mesquite, unaikinga na jua na baridi mpaka ipate nguvu, na ile inayoota peupe kwa kawaida hufa. Mzima mmoja hutoa mamilioni ya mbegu maishani mwake na zinazofika utu uzima ni za kuhesabu. Kwangu mlezi ni mwarobaini, na juu yake nimetandaza neti. Mche ukianza kugeuka mwekundu ujue jua limezidi, ukirefuka na kuwa mwembamba na mweupe mweupe ujue linapungua.

Kunguru wamekuja. Hawa kunguru wa Mombasa hawana haja na kaktasi, wanang'oa tu mche, wanautupa, wanang'oa mwengine. Nimefunika trei nzima na waya wa kuku na wameondoka kutafuta kwengine.

Sasa jambo la leo. Bibi wa nyumba ya mbele kapita, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba halafu akasimama akatazama.

"Mwanangu, mnyaa huo wapanda wa nini? Wenzio wang'oa, maziwa yake yaliwahi kumpofua mtu siku nzima."

"Bibi si mnyaa huu, huu hauna maziwa. Ngoja nikuoneshe."

Nikachukua sindano. Nina yuforbia (jamaa ya mnyaa) moja ya nguzo kwenye ndoo, ile yenye pembe tatu inayouzwa kila mahali ikiitwa kaktasi, nikaidunga ubavuni, papo hapo likatoka tone jeupe zito likaanza kuteremka. Nikadunga Cereus, ikatoa maji maji tu hayana rangi. Bibi akasema ahaa. Kipimo hicho hakigharimu kitu, ila maziwa ya yuforbia ni sumu, yakikuingia machoni ni hatari, sasa vaa miwani na unawe mikono na sabuni.

Na bila sindano pia unaweza kujua. Tazama mwiba unapotokea. Kaktasi ina kitu kinaitwa arioli, kijito kidogo (kama mto wa kulalia) cha manyoya manyoya, na miiba yote hutoka pale kwa kundi, na maua pia. Hakuna jamii nyengine ya mimea yenye arioli. Yuforbia za nguzo miiba yake mara nyingi ni miwili miwili, imekaa kwenye kigaga kigumu, hamna kijito. Ukilijua hili utapita barabarani kwa wauza miche wa Bamburi na utaona mwenyewe kuwa nusu ya "kaktasi" ni yuforbia. Kaktasi asili yake ni Amerika, Afrika tuna moja tu ya asili, Rhipsalis baccifera, inaning'inia kwenye miti ya msituni na haifanani na kaktasi hata kidogo. Dungusi kakati zote uzionazo zililetwa.

Februari

Maji. Hili nataka kulieleza vizuri kwa wenzangu wa Mombasa kwa sababu ndilo linaua kaktasi nyingi hapa na lawama inaenda kwa joto. Maji ya kisima huku mengi ni ya chumvi chumvi. Ukimwagilia chungu kwa hayo, maji yanakauka chumvi inabaki, baada ya muda unaona ukoko mweupe kwenye mdomo wa chungu na shingoni mwa mche, mizizi midogo inakufa. Mimi nakinga maji ya mvua toka kwenye mabati, pipa moja lanitosha manake miche hainywi sana. Mvua ikikosekana nanunua ya mfereji kwa mwenye mkokoteni, na mara moja moja napitisha maji mengi kwenye chungu yatoke chini yaondoke na chumvi.

Kutia ni asubuhi, ujaze kisawasawa, halafu uache mpaka pakauke kabisa. Sio vijiko vijiko kila siku.

Mei, masika

Mvua haijakata. Hapa ndio mtihani wenyewe wa Mombasa. Mwaka mzima sisi twapata karibu milimita 1,000 na zaidi, Tucson kule Arizona kwa sagwaro ni kama 300, halafu yetu nyingi inashuka Aprili na Mei kwa pamoja. Nimeezeka juu ya trei kwa bati la plastiki linalopitisha mwanga na pembeni nimeacha wazi ili kusi ipite. Upepo ndio dawa, kuliko dawa yoyote ya dukani. Mche uliolowa na ukapigwa upepo unakauka, mche uliolowa na hewa imesimama unaoza.

Cephalocereus zimekufa zote isipokuwa mbili. Dalili ni moja: leo mche mzuri, kesho shingoni rangi ya chai, ukiugusa umelainika, keshokutwa umelala. Zimeniuma kwa kweli kwa sababu zilishaanza kutoa mvi, nywele nyeupe ndefu ndogo pale kileleni, na ndizo za kwanza nilizozitambua bila shaka yoyote. Hizi mbili nimezihamishia mchanganyiko mpya wenye chipsi nyingi za matumbawe, manake kwao Hidalgo kule Meksiko zinaota kwenye miamba ya chokaa, na chokaa sisi tumejaaliwa.

Watu wa Ajentina nao (Trichocereus) wamedumaa tu. Hawaozi wala hawakui.

Juni

Swali la usiku. Kaktasi hufungua vitundu vyake vya hewa usiku, ndipo inapovuta hewa ya kaboni, mchana inafunga isipoteze maji. Sasa usiku ukiwa wa joto sana kazi hiyo inakuwa nzito. Mwaka 2023 mji wa Phoenix, Arizona, ulipita siku 31 mfululizo mchana ukifika nyuzi 43 na zaidi, na usiku nao haukupoa, sagwaro zilizosimama miaka na miaka zikaanguka mikono na nyengine zikadondoka zima zima. Nilipolijua hilo niliogopa kwa ajili ya zangu. Lakini nimeweka kipimajoto uani na usiku wetu hata kaskazi ni nyuzi 25 au 26, mwezi huu ni 21 na 22. Usiku wa Julai wa Tucson ni kama huo huo. Kwa hivyo kwa sagwaro na kardoni joto la Mombasa si tatizo, tatizo ni unyevu basi. Wanaoumia na usiku wetu ni wale wa milima ya Andes waliozoea baridi, ukiona mtu anakuuzia Oreocereus hapa pwani fikiria mara mbili.

Agosti

Mwezi huu nimegrafti, yaani nimepandikiza mche mmoja juu ya shina la mmea mwengine. Sagwaro zangu zinazoota kwa mizizi yake zina milimita 6, na masika nyengine inakuja, nataka angalau chache ziwe kubwa kabla. Shina la chini ni dragoni, ile ya matunda, watu wengi wa pwani wanayo siku hizi na kipande wanakupa bure.

Nieleze taratibu. Wembe mpya, unapanguswa na spiriti kabla ya kila mkato. Unakata ncha ya dragoni palipo pachanga, pakiwa pagumu hapashiki. Ukishakata unaona nyama nyeupe yenye utelezi na katikati pete ndogo, hiyo pete ndiyo mishipa. Mbavu tatu za pembeni (zile kingo za wima za shina) unazichonga kwa mshazari kidogo manake zikikauka zinajikunja na kuinua mche. Halafu unakata tako la mche wa sagwaro, mkato mmoja bila kurudia, nao una pete yake ndogo sana, kitone tu. Unauteleza mche juu ya dragoni ili utoe hewa, na huuweki katikati kabisa, unausogeza kidogo ili pete ya mche ikatize juu ya pete ya dragoni, zikigusana mahali pamoja tu imetosha. Unabana na raba laini mbili za kupishana, si kwa nguvu, mche wa milimita 6 unapasuka. Kivulini, ndani ya ndoo iliyofunikwa na kitambaa, usimwagie maji juu.

Raba nimetoa wiki iliyofuata. Nyingi zimeshika. Unajua imeshika mche ukianza kung'aa na kuvimba, unakuwa umejaa mpaka vijito vya miiba vinaachana.

Hasara yake ni kwamba mche wa kugrafti unadanganya sura. Unakuwa mnene kupita kawaida na miiba inabadilika, sasa kwa kutambua haufai. Kwa hivyo kila aina nimebakisha ndugu zake kwenye mizizi yao wenyewe, hao ndio ninaowapima na kuwatazama, wa dragoni ni wa kukuza tu.

Novemba, mwaka umepita

Nimeketi na lenzi na trei nzima toka asubuhi. Niandike nilichokiona.

Cereus zina urefu wa kidole, mbavu chache na za kina, buluu buluu. Hazina la kujadili. Neobuxbaumia nazo zimejitoa wenyewe, duara, kijani chepesi, miiba myembamba ya njano inayopinda ukiipitishia kidole, haichomi. Mbavu bado hazijatulia lakini nyingi, na mzima wake hupita 20 vizuri. Terscheckii miiba yake ni ya njano pia ila ni migumu, hiyo inachoma, na mbavu ni chache zaidi. Ukizichukua mbili hizi mkononi huwezi kuzikosea, kwa picha unaweza.

Kazi ilikuwa sagwaro na kardoni, manake ni rahisi kuzichanganya. Kuhesabu mbavu za mche hakusaidii kwa sababu zinaongezeka na umri, sagwaro ndogo haina hata mbavu ina vinundu tu vilivyozunguka. Hesabu ni ya wazima: sagwaro inaweza kupita mbavu 20, kardoni kawaida 11 mpaka 17, na kardoni hugawa mikono chini karibu na ardhi wakati sagwaro hutoa juu. Kwa miche mimi nimetegemea vitu vitatu kwa pamoja. Mbegu kwanza, kibakuli cha zile kubwa. Pili mwendo: zile za kibakuli hicho zina milimita 30 na zimeanza kuinuka kuwa nguzo, zile nyengine zina 9 na bado ni duara. Tatu miiba: ya kardoni ni minene, ya kijivu kijivu, ncha nyeusi, imetoka kwenye vijito vikubwa vyenye manyoya meupe, ya sagwaro ni mingi, myembamba, imebanana, ile mipya ya katikati inatoka na wekundu. Kimoja peke yake nisingekiamini. Vyote vitatu vikikubaliana naandika jina kwenye kibao, kwa penseli, manake wino kwa jua letu haukai msimu.

Stenocereus nimezipata kwa kuondoa wengine wote, na vijito vyake vimeanza kwenda rangi ya kutu. Naridhika.

Baada ya mwaka huu msimamo wangu ni kwamba mtu wa pwani anayetaka kaktasi moja kubwa ya jangwani apande kardoni. Ni kati ya kaktasi ndefu kuliko zote, kuna iliyopimwa mita 19.2, kwao Baja California inaota mpaka karibu na bahari, hewa ya chumvi inaijua, na inaota kwenye mwamba mtupu kwa msaada wa bakteria wa kwenye mizizi yake wanaomeng'enya jiwe na kuipatia naitrojeni. Mwamba tunao. Kule Bamburi René Haller wa kiwanda cha saruji alianza 1971 na mivinje juu ya machimbo ya matumbawe yasiyo na udongo na leo ni msitu, sasa kardoni kwenye tuta la matumbawe mimi sioni kwa nini ishindwe.

Tuta nimeshaanza. Mawe ya matumbawe yaliyovunjika chini, kokoto juu yake, halafu mchanga wa mto na pumisi, limeinuka mpaka gotini ili maji ya masika yapite yasisimame, na liko upande wa kusi inakovuma. Kardoni zenye mizizi yao zitaingia Agosti ijayo mvua zikishapungua, nne kwanza, kila moja na kipande cha neti juu mpaka izoee. Sagwaro zinabaki kwenye vyungu chini ya bati, za dragoni nitazikata zikifika unene wa ngumi nizioteshe mizizi yake. Vipimo vya milimita naendelea kuandika kila mwisho wa mwezi, na mwenye Stenocereus kubwa hapa Mombasa naomba anipigie picha ya vijito vya miiba kwa karibu, nataka kulinganisha na zangu.